Mwaka Tuliokatazwa Ugali

Taarifa ya kifo cha Janeth ilinikuta darasani, katikati ya somo la hesabu la darasa la tano. Ilikuwa ujumbe mfupi kutoka kwa mdogo wake: dada ametutoka alfajiri, maziko kesho Haneti. Niliwapa watoto zoezi refu, nikaenda kusimama nyuma ya vyoo vya walimu, mahali pekee pale shuleni ambapo mtu mzima anaweza kulia bila kuulizwa kulikoni. Alikuwa ameugua kansa kwa miaka miwili. Katika miaka miwili hiyo nilipita Haneti kwenye basi la Kondoa kwenda Dodoma sijui mara ngapi, na kila mara nilichagua kiti cha upande usiotazama kwao. Marehemu aliwahi kunipigia simu kuniambia anasikia hamu ya kuniona. Nikamwambia nikifunga shule nitakuja. Shule zilifungwa, zikafunguliwa, zikafungwa tena, nami ndiye huyo huyo wa kupita na basi. Kesho yake nilishuka.

Mama yake alinipokea mlangoni. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti iliyokauka, akanishika mkono akaniingiza chumba cha wanawake. “Huyu ndiye Hadija wa Kolo,” aliwaambia. “Walilala naye chumba kimoja kule Ihumwa, enzi zile za mbio.” Wanawake wakasogea, nikapata nafasi kwenye jamvi. Chakula kilipoletwa kilikuwa ugali wa uwele na mlenda, nami nilikula mpaka nikafuta bakuli kwa tonge la mwisho. Mama mmoja wa makamo alinitania kwamba huko Kondoa inaelekea kuna ukame. Nyumbani kwangu wanajua kwamba ugali haubaki kwenye sahani yangu, na wanadhani ni tabia tu ya mtu mlafi.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili mwaka ule. Nyumbani walikuwa wamenipa mwaka mmoja wa kukimbia, ukiisha bila matokeo nirudi niwe kama wenzangu. Habari nyingine za nyumbani niziache, zilikuwa kama za watu wote. Kambi yetu ilikuwa nyumba ya vyumba vinne Ihumwa, karibu sana na reli, kiasi kwamba treni ya mizigo ikipita vikombe vinagongana kabatini na mazungumzo yanasimama mpaka behewa la mwisho. Wavulana watano walikuwa na vyumba viwili, sisi wasichana wawili tulikuwa na kimoja. Kilikuwa na vitanda viwili vyembamba, dirisha la wavu lililoingiza vumbi zaidi ya hewa, mkeka wangu wa kuswalia umeviringishwa kona moja na kitabu cha nyimbo cha Janeth kona nyingine. Janeth alikuwa Mgogo wa Haneti, mrefu, mwenye maneno mengi na mguu mwepesi. Nilimpenda tangu wiki ya kwanza. Hilo nalisema mapema kwa sababu huko mbele itakuwa vigumu kuliamini.

Kocha wetu, Mwalimu Fanuel, alikuwa amestaafu kufundisha michezo shule ya msingi. Alikuwa mtu mfupi, msafi, mwenye saa ya kupimia mbio shingoni hata akienda kanisani. Amekwishatangulia mbele ya haki na sitaki kumsingizia: hakuwa tapeli. Alitupenda, na hakuwahi kula kitu ambacho sisi tulikatazwa. Mwezi wa tatu alikwenda semina ya makocha huko Arusha, akarudi na kitabu chembamba na simu iliyojaa video za wazungu wakimbiaji waliokonda, wanaokunywa mafuta ya nazi kwa kijiko. Akatukusanya sebuleni asubuhi. “Mwili una matanki mawili,” alisema, akachora mawili ubaoni. “Hili dogo ni la wanga. Ugali, wali, mkate, sukari. Kilomita ya thelathini limekwisha, mtu anatambaa. Hili kubwa ni la mafuta. Hili haliishi. Lakini mwili ni mvivu, hautaligusa hili kubwa mpaka muufungie hili dogo.” Mmoja wa wavulana, Mgogo naye, akanyoosha mkono. “Mwalimu, sisi tukikosa ugali hatulali. Tunazimia tu.” Tulicheka wote, na Mwalimu alicheka. Kisha akabeba kiroba cha unga kutoka jikoni, akampelekea jirani yetu, Mama Chausiku, kupitia juu ya ua.

Akabandika orodha ukutani. Ugali, wali, chapati, maandazi, viazi, mihogo, ndizi, magimbi, tende, sukari kwenye chai, soda. Hata zabibu, katika mji ambao zabibu zinauzwa kila kona ya barabara. Tukabaki na mayai matatu asubuhi na chai ya maziwa, mchana nyama ya mbuzi na mlenda, jioni nyama iliyobaki, parachichi, supu ya mifupa yenye chumvi kali na karanga kiganja kimoja. Mlenda bila ugali! Asiyezaliwa huku hawezi kuelewa. Mlenda uliumbwa kwa ajili ya tonge. Bila tonge unateleza wenyewe kooni na tumbo linabaki linauliza kilichobaki kiko wapi. Na kila adhuhuri Mama Chausiku alisonga unga uliokuwa wetu, harufu ikavuka ua ikatukuta na vijiko mkononi. Nilijua mpaka siku anazounguza ukoko.

Mwalimu alisema siku thelathini za mwanzo ni za mateso. Kichwa kiliniuma, mdomo ukaninuka, miguu ikawa ya mtu mwingine. Nikasubiri siku ya thelathini na moja kama watu wanavyosubiri mwezi wa Idi. Ikaja, ikapita, hakuna kilichobadilika. Kuna watu, nimesoma baadaye, wanaokula hivyo na wanakimbia vizuri tu, kwa kipimo na kwa kuangaliwa. Sikatai. Ila wao walikuwa na mtu wa kuwapima damu, sisi tulikuwa na Mwalimu na saa yake. Mwezi wa tano siku zangu hazikuja, wa sita vilevile. Nilipomweleza Janeth alinitazama kwa mashaka. “Dija, una mtu?” Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Nguvu za kuwa na mtu ningezitoa wapi, na mimi kupanda ngazi mbili za baraza nilikuwa napumzika katikati. Mwalimu, nilipomdokeza kwa aibu, alisema ni dalili ya mwili wa mwanariadha. Nikakubali, nikaona hata fahari. Mguu wa kushoto ukaanza kuniuma kwenye muundi, mahali padogo pa kufunikwa na kidole gumba.

Na Janeth alikuwa akipaa. Hakuna neno jingine. Mbio ndefu za Jumamosi, kwenye barabara ya Morogoro, aliwaacha wavulana wawili nyuma na kurudi anaimba. Wavulana wenyewe walijikimu kwa siri zao, nadhani. Walikuwa wakienda “kuchaji simu” sokoni kila jioni na simu zao hazikujaa kamwe. Mimi sikuiba. Sikujaaliwa hata akili ya kuiba. Nilikuwa nimefunga Ramadhani tangu nikiwa mtoto, na Mwalimu alikuwa amesema mbele ya wote kwamba Hadija ndiye atakayefaulu kwanza, njaa anaijua. Nilijikaza kisabuni ili nisimwangushe. Mwezi wa tisa kulikuwa na mchujo, marathoni kamili, na nafasi ya mwanamke ilikuwa moja tu, ya kwenda kukimbia nje ya nchi. Moja, na sisi tulikuwa wawili chumba kimoja. Tulikuwa tukilitania jambo hilo. Janeth alisema atakayekwenda amletee mwenzake viatu, na atakayebaki apike sherehe.

Kila Jumatano na Jumamosi Janeth alikwenda stendi kupokea dumu la togwa. Mama yake alilipandisha basi kule Haneti, dumu la njano la lita tano, limezungushiwa gunia lililoloweshwa, mfuniko umefungwa kwa kamba ya katani usifumuke njiani. Siku ya pili lilikuwa limeanza kupiga mluzi chini ya kitanda. “Karibu, Dija,” angesema, kikombe mkononi. “Hiyo inayoimba? Unataka kunipeleka motoni.” Angecheka. “Hata mtoto mchanga anapewa hii.” Sikunywa. Nilikuwa nimelelewa kukaa mbali na kila kinachotoa povu, na sikuona haja ya kuuliza imechacha kiasi gani. Mwalimu mwenyewe alikuwa akipita na kikombe chake cha bati, anakunywa amesimama mlangoni, anafuta mdomo. “Mama yako ana mkono,” alikuwa akimwambia. “Togwa ya namna hii siku hizi hakuna.” Janeth angefurahi siku nzima, kwa sababu mama yake alisifika Haneti yote kwa kupika togwa ya harusi na ya ubatizo.

Hakuna aliyeona kitu, na sitaki kumcheka mtu kwa hilo. Kwetu kula ni ugali. Mtu aliyekunywa uji asubuhi, chai saa nne na togwa mchana atakuambia jioni kwamba tangu kuche hajala, na hasemi uongo. Kinachonywewa hakihesabiwi. Orodha ya Mwalimu ilikuwa na mistari kumi na zaidi, ameiandika kwa wino mwekundu na rula, na togwa haikumjia kichwani, kama maji yasivyomjia. Janeth naye alikula nyama na mlenda wake bila kuongeza tonge hata moja. Aliamini kabisa kwamba anafuata masharti, na aliamini kwamba mimi nina tatizo la mwili, akawa ananihurumia.

Siku moja mwezi wa nane, baada ya chakula cha mchana, nilikuwa nimejilaza. Kuta za nyumba ile hazikufika kwenye bati, sauti zilivuka juu. Mwalimu alikuwa sebuleni akizungumza na simu na mtu wa kamati ya mchujo. “Janeth mtakuja kumwona wenyewe,” nilimsikia. “Huyo ndiye ushahidi wangu. Miezi mitano hajagusa wanga.” Akanyamaza, akisikiliza. “Nani? Yule wa Kolo? Aa, huyo anaiba. Anakula mahali. Siwezi kumkamata lakini mwili haudanganyi.” Niliketi kitandani. Miezi mitano nilikuwa nikinusa ukoko wa jirani na kumeza mate, halafu naitwa mwizi na mtu pekee ambaye nilikuwa nikijitesa kwa ajili yake. Jioni alikuja kupekua. Aligonga kwanza, kwa adabu, akaomba radhi, akainua godoro langu, akafungua begi, akakung'uta hata mkeka wa kuswalia. Alipata sabuni na kitana. “Unaficha wapi, Hadija?” Janeth ndiye aliyenijibia. “Mwalimu, huyu hajala kitu. Mimi nalala naye, ningejua.” Mwalimu akatikisa kichwa kwa huzuni, akatoka. Janeth akanikalisha kitandani kwake, akanisuka nywele zilizokuwa zimefumuka.

Jumamosi iliyofuata nilianguka. Upepo wa mwezi wa nane ulikuwa ukipeperusha mchanga barabarani na mimi nilikuwa kilomita ya ishirini na nane. Niliona barabara ikinijia usoni. Wavulana walinibeba mpaka chumbani. Janeth alikuwa ametoka stendi muda uleule na dumu lake, akafungua kamba, akamimina. “Kunywa. Imepikwa jana, haijachacha hata chembe. Kama ni dhambi niandikiwe mimi.” Sikuwa na nguvu ya kukataa. Nilikunywa kikombe, nikanywa cha pili, nikanyoosha mkono kwa cha tatu. Ulimi ulijua kabla ya kichwa. Ilikuwa tamu, nzito, na chini ya utamu ule kulikuwa na uwele, uwele uleule wa uji niliokuzwa nao. Vidole vilianza kupata joto. Niliona vizuri. Keshokutwa yake, Jumatatu, nilikimbia kilomita ishirini kwa kasi ambayo sikuwa nimeikaribia tangu mwezi wa nne, na Janeth nyuma yangu akipiga vigelegele vya furaha, anapiga kelele, “Mtazameni mtoto wa Kolo! Kafufuka!”

Alifurahi kwa ajili yangu, na mimi nilikuwa nikipiga hesabu. Madumu mawili kwa wiki, lita kumi. Sufuria ngapi za uwele, kimea kiasi gani. Huyu ndiye ushahidi. Nilikuwa na njia mbili za kiungwana. Ya kwanza, kukaa na Janeth kitandani, tunywe wote, tukimbie wote, mwenye mguu wake ashinde. Ya pili, kumwambia Janeth ninachokijua, twende kwa Mwalimu pamoja tumwonyeshe kwamba programu yake haijamwendesha mtu hata mmoja katika nyumba ile. Nimezipitia njia hizo mbili maisha yangu yote, nazijua kila kona. Nikienda ya kwanza nakuwa mwizi kweli, kama alivyosema. Nikienda ya pili Janeth bado anashinda. Hayo ndiyo niliyojiambia. Ukweli mfupi zaidi ni kwamba nafasi ilikuwa moja, mwaka wangu ulikuwa unaisha, na nilikuwa na njaa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, wanasema. Mwenye njaa naye, nimejifunza, hamjui mtu yeyote.

Nilimkuta Mwalimu uani akitengeneza baiskeli. Zilikuwa zimebaki siku sita.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Mguu unaendeleaje?”

“Upo. Mwalimu, togwa inapikwa kwa kitu gani?”

“Uwele. Na kimea.” Hakuinua uso.

“Na uwele ni nini?”

Spana ilisimama. “Hicho ni kinywaji,” alisema, kwa sauti ndogo. “Hata mimi nakinywa.”

“Ni lita kumi kwa wiki, Mwalimu. Mimi ndiye mwizi?”

Aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nilimwona akielewa. Nilikuwa nimeishi naye miezi mingi na niliujua uso ule. Uliporomoka wote, akawa mzee. Laiti angeinuka pale akaenda kurudisha unga kutoka kwa Mama Chausiku, mambo mengi yangekuwa mengine. Lakini alikuwa ameshawaambia watu wa kamati. Alikuwa amewaalika waje na kalamu zao. Akaokota spana, akaifuta kwa shati lake jeupe, yeye mtu msafi vile. “Basi tutaona bila hiyo,” alisema. “Siku sita zinatosha kumsafisha.” Halafu akaongeza, bila kunitazama, “Usimwambie kuwa ni wewe. Nitasema nimegundua mwenyewe.” Na mimi nikamshukuru. Nilisema, “Ahsante, Mwalimu,” nikarudi ndani.

Janeth alikubali amri bila ubishi. “Kasema togwa basi mpaka mbio ziishe,” aliniambia, akikunja nguo. “Sijui kaota nini. Haya, siku sita si kufa.” Siku ya tatu alianza kushika kichwa. Siku ya nne alirudi mazoezini anatembea. “Dija, hivi ndivyo ulivyokuwa ukijisikia? Miezi yote hii?” Nilisema ndiyo. “Pole, mwenzangu,” alisema, na machozi yalimlengalenga kweli, ya kunionea huruma mimi. Nilimpa maji ya chumvi. Ningeweza kumwambia wakati ule. Ningeweza kumwambia siku ya tano vilevile.

Siku ya mchujo alitangulia mbele tangu mwanzo, kwa mazoea. Mguu wangu uliniuma kila hatua lakini nilikuwa nimeshazoea kukimbia na tumbo tupu, nikamfuata kwa mbali. Baada ya kilomita thelathini niliona mgongo wake ukianza kuvutwa kushoto, kuelekea ukingo wa lami, anarudi katikati, unavutwa tena. Nilimkaribia. Alikuwa akiongea peke yake Kigogo. Nilipokuwa sambamba naye aligeuza shingo, midomo imekuwa myeupe. “Dija,” alisema. Hakusema nisaidie, hakusema simama. Alisema jina langu tu, kama mtu anayehakikisha. Nikampita. Nilijiambia nitarudi nikimaliza. Nyuma yangu nilisikia watu wa kando ya barabara wakipiga ukelele wa kuita gari, na sikugeuka. Kabla ya kufika mwisho wasichana watatu wa kambi nyingine walinipita mmoja mmoja, wamenenepa mashavu, wanapumua vizuri. Nikawa wa nne. Nafasi iliyokuwa moja ilichukuliwa na msichana ambaye jina lake silikumbuki.

Janeth alilazwa wiki moja. Alikuwa ametapika barabarani na kuzimia, na kwa saa kadhaa hakujua yuko wapi. Daktari alisema sukari ilishuka kupita kiasi. Ndugu zake walikuja kumchukua moja kwa moja kutoka wodini, hakurudi Ihumwa hata kwa nguo zake, na kwao walisema mbio basi. Mwezi uliofuata mimi nilipigwa picha ya mguu, mfupa wa muundi ukaonekana umepasuka. Daktari mwanamke aliniuliza siku zangu nimeziona lini na ninakula nini, nilipomjibu alikasirika, akaweka kalamu chini, akauliza nani amenifanyia hivi. Nikasema hakuna. Nikarudi Kolo kwa magongo, nikala. Siku zangu zilirudi baada ya mwaka mzima, mtoto nilimpata nikiwa nimeshakata tamaa. Mwalimu alifunga kambi. Mimi na Janeth tulionana mara tatu katika miaka yote iliyofuata, kwenye harusi na misiba ya watu, na kila mara alinikumbatia. Sikumwambia. Kila mara nilikuwa na sababu nzuri sana.

Siku ya tatu ya msiba wanawake walikuwa nyuma ya nyumba wakiosha vyombo, na tulibaki wawili chumbani, mimi na mama yake. Alikuwa ameketi ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha. Kiswahili chake kilikuwa cha polepole, cha mtu anayechagua kila neno.

“Mwanangu, wewe ulikuwepo. Nikuulize kitu. Na usinionee huruma.”

“Niulize, mama.”

“Togwa yangu ya mwisho. Ile ya Jumatano, kabla ya mbio. Ilikuwa imeharibika?”

Sikuelewa. Akanieleza. Mwaka ule kimea chake kilimwagikiwa maji kikiwa juani, pembeni kikashika ukungu. Alikichambua kwa mkono, punje kwa punje, akaona kimefaa, akapika, akapeleka. Siku nne baadaye mtoto akaanguka anatapika. Hospitali waliuliza amekula nini, na waliompeleka wakajibu mama yake humletea togwa. Neno hilo lilifika Haneti kabla ya Janeth mwenyewe. Tangu hapo hakuna nyumba iliyomwita tena kupika togwa, ya harusi wala ya ubatizo, na yeye hakuloweka tena uwele wa kimea, hata binti zake wengine walipoolewa. Togwa ya harusi zao ilipikwa na majirani. “Janeth aliniambia hakuinywa,” alisema. “Alisema Mwalimu kamkataza. Nikamwitikia tu. Nani anamkataza mtu togwa? Hata mgonjwa hakatazwi. Nikajua mwanangu ananifichia aibu. Kanifichia mpaka juzi, hapo kitandani, bado anasema, mama, sikuinywa.”

Nilimwambia. Nilimwambia kwamba Jumatatu baada ya mbio nilirudi chumbani peke yangu, dumu lilikuwa chini ya kitanda cha Janeth palepale alipoliweka, limejaa mpaka shingoni, kamba haijaguswa. Sikuweza kukaa nalo chumba kimoja. Nililibeba nyuma ya nyumba, nikakata kamba kwa kisu, nikalimwaga kwenye mchanga. Lilinuka togwa ya siku tano, basi, kama togwa ya mtu yeyote. Na nikamwambia kwamba Mwalimu alimkataza kweli, na aliyemfanya Mwalimu amkataze ni mimi, kwa sababu nilitaka nafasi ile. Nilisema yote bila kupumzika, nikainamisha kichwa nikangoja.

“Kamba ilikuwa haijafunguliwa,” alisema.

“Haijafunguliwa, mama.”

“Fundo langu.”

“Lako. Nililikata mimi mwenyewe.”

Alishika ukuta akainuka. Niliinuka kumsaidia, akausukuma mkono wangu, si kwa hasira, kwa haraka. Alikwenda mpaka mlango wa uani akaita kwa Kigogo, majina, moja baada ya jingine, kwa sauti ambayo sikudhani anayo siku ile. Wanawake walikuja wakijazana mlangoni, wazee na wasichana, mikono inachuruzika maji na majivu. Nilijua wengine wao walikuwa ndio wale waliopika badala yake. Nikaanza tena tangu mwanzo, kwa kuwa nilidhani ndicho anachotaka, nikasema mimi Hadija ndiye niliyekwenda kwa Mwalimu. Akanikatiza kwa kiganja.

“Hilo la kwako utalisema kwa Mungu,” alisema. “Mimi leo sina nafasi nalo. Waambie la kamba.”

Wote walikuwa wakinitazama. Nikawaambia la kamba.